Rehani ya Majina

Tangazo la mkopo likiingia kwenye simu ya mtu wa Bugene, wilayani Karagwe, maneno mawili hayakosi: bila dhamana. Ndiyo yanayovuta wateja, na si ya kweli.

Huku Karagwe dhamana inajulikana kwa sura. Ni kibanja, yaani nyumba na migomba na mibuni inayoizunguka, na anayekiweka rehani anajua alichoweka na namna ya kukikomboa. Hata butura, ule mtindo wa kuuza kahawa ingali maua kwa bei ya kumnyonya mkulima, una mpaka. Mlanguzi huchukua mavuno ya msimu. Msimu ukipita, mibuni huchanua tena, mali ya mwenyewe. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka mingi, nami siitetei. Walau anayeumizwa nayo analijua jina lake.

Mkopo wa mtandaoni je? Programu nyingine huomba namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), picha ya uso, kisha majina yote yaliyomo kwenye simu. Siku ya marejesho ikipita, anayepigiwa ni shemeji, mwalimu mkuu, au katibu wa kikoba. Watu wameiita mikopo hii kausha damu, jina walilokwisha kuwapa wakopeshaji wa mitaani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nyingi za namna hii hujinadi kuwa hazitaki dhamana, wakati dhamana yao ni aibu ya mkopaji mbele ya watu wake. Neno lake ni rehani, tena rehani isiyokomboleka: deni hulipwa likaisha, majina yakabaki kule kule.

Kinachonikera zaidi ni kitufe. Simu iliyowekwa Kiswahili huandika "Ruhusu". Ruhusa huombwa na mdogo kwa mkubwa, mwanafunzi kwa mwalimu, kwa hiyo neno hilo humfanya mkopaji ajione ndiye bwana wa shughuli. Akikataa, mkopo hapati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazungumzia ridhaa, na ridhaa ni ya moyo ulioridhika. Jirani hawezi kuridhia kwa niaba yako. Sheria ya Ardhi ya 1999 ililiona hilo mapema: nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani mpaka mwenzi akubali. Ila mume asiyeweza kuiweka nyumba rehani bila mkewe anaweza, kwa kidole gumba, kumweka rehani mke huyo, wakwe na kwaya nzima ya kanisa.

Sheria hiyo ya 2022 nayo ina maneno ya kugombana nayo. Inamwita mtu anayesemwa "mhusika wa taarifa", nami nikisikia mhusika nawaza tamthilia, au jalada la polisi. Ningesema mwenye taarifa, kama tunavyosema mwenye kibanja. Wakenya, katika sheria yao ya 2019, walibaki na "data". Taarifa ni neno zuri zaidi, ingawa masikio yetu yamezoea taarifa ya habari, kitu cha kutangazwa redioni. Mzigo wote wa usiri umeangukia neno binafsi.

Anayetafuta mkopo wa nyumba benki hana hatari ya kausha damu, lakini tovuti zinazojitia kumlinganishia riba humtaka mshahara, simu na NIDA kabla hata ya kumtajia asilimia. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyefanya tarehe hiyo kuwa namba ya siri ya pesa za simu amekwisha kuitoa.

Riba ulizia bila NIDA. Benki yenye nia ya kukukopesha itakutajia. Leseni ya mkopeshaji itafute kwenye orodha ya Benki Kuu. Programu ikitaka majina ya watu wako, bonyeza Usiruhusu, na kama majina hayo yamekwisha kutumika vibaya, wewe au yeyote aliyepigiwa simu mpeleke malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.