Mtumishi Aliyekumbuka Matambara

Babu yangu alipata kuwa mpishi wa bwana mmoja enzi za ukoloni. Miaka yote ile aliitwa "boi" tu, jina lake halikuulizwa. Ndiyo maana nilipokutana na Ebedmeleki katika Kitabu cha Yeremia, sura ya 38, sikuweza kumpita. Kwa Kiebrania maana yake ni "mtumishi wa mfalme". Basi. Labda ndilo jina alilopewa na wazazi, labda ni kazi tu iliyogeuzwa jina.

Alikuwa Mkushi, yaani asili yake ni kusini ya Misri, kule ambako leo ni kaskazini ya Sudan. Alikuwa towashi katika nyumba ya Sedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda. Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Babeli, na njaa imeshaingia mjini. Yeremia akawa anasema hadharani: atakayejisalimisha ataishi. Wakubwa wanne wakaja juu, eti huyu anawavunja moyo askari, auawe! Mfalme akakiri kwamba mbele yao hana ubavu. Wakamshusha nabii kwa kamba ndani ya shimo la kuhifadhia maji. Maji hayakuwamo, matope matupu, naye akazama humo.

Sasa mtazame huyu mtumishi. Anatoka ikulu, anamfuata mfalme kwenye Lango la Benyamini, anamwambia wazi kwamba watu wale wametenda uovu. Jamani, mgeni anawashitaki wakubwa mbele ya mfalme anayewaogopa! Na mfalme akampa watu 30 wakamtoe Yeremia.

Lakini mimi kilichonigusa zaidi ni matambara. Kabla ya kwenda shimoni, Ebedmeleki alipitia chumba kilichokuwa chini ya hazina, akaokota nguo kuukuu na vitambaa vilivyochakaa. Akaviteremsha, akamwelekeza Yeremia avitie kwapani, kamba zisimkate. Wakubwa nao walitumia kamba, ila wao hawakuwaza makwapa ya mtu. Anayejua kamba inavyochuna ngozi ni yule aliyewahi kuivuta.

Mwaka 586 K.K. mji ukachomwa moto. Karne 26 baadaye, mwaka 2005 na 2008, mwanaakiolojia Eilat Mazar na wenzake walifukua Yerusalemu vipande vidogo vya udongo vyenye chapa za mihuri. Kimoja kina jina la Yehukali mwana wa Shelemia, kingine Gedalia mwana wa Pashuri. Ni majina yaleyale ya wawili kati ya wale wanne! Waliomtupa mtu shimoni tunayo mihuri yao. Aliyemtoa hana muhuri unaojulikana, ana aya chache tu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, aya hizo zinatosha kunifunza kazi. Mwandishi wake angeweza kusema "wakamtoa", akaendelea na habari za wafalme. Hakufanya hivyo. Alitaja chumba, akataja vitambaa, akataja makwapa, na mtu asiye na muhuri akabaki hai mbele yangu.

Nimemwomba bibi anieleze babu alikuwa akifanya nini hasa jikoni kwa yule bwana, kuanzia alfajiri. Amecheka, akasema nije na daftari kubwa.