Kabla ya Kompyuta, Kenchi Ilipimwa kwa Rula

Ukipita Wote, Kibwezi au Mwingi, angalia juu ya nyumba zinazojengwa. Utaona pembetatu za mbao zikingoja mabati. Hizo ni kenchi, neno lenye asili ya Kihindi, maana yake mkasi. Wengi wetu tunaziita tu trasi. Swali langu kwenu wasee: nani amepima kani zinazopita ndani ya hizo mbao?

Nauliza kwa sababu Ukambani paa si kivuli tu. Mabati ndiyo yanajaza tangi. Upepo ukibeba paa la darasa, watoto wamekosa darasa na maji pia.

Na kupima si lazima uwe na mashine. Karne ya 19, Ulaya ilipokuwa ikijenga reli na stesheni mbio mbio, wataalamu walianza kuchora kani badala ya kuzipigia hesabu ndefu. James Clerk Maxwell, Mskoti yule wa umeme na sumaku, aliandika kuhusu michoro hiyo mwaka 1864. Karl Culmann wa Zürich akatoa kitabu chake 1866, naye Luigi Cremona wa Italia akafuata 1872. Mwanafunzi wa Culmann, Maurice Koechlin, alishiriki kubuni mnara wa Eiffel uliokamilika 1889. Miaka kumi baadaye, reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi ikiwa imeshapita Kibwezi na Makindu. Hakukuwa na kompyuta hata moja.

Siri ni rahisi: kani ni mstari, na urefu wake ni ukubwa wake. Chukua kenchi ya mbao tatu, mbili za mteremko na moja ya kulala chini. Weka kilo 1,000 kileleni. Chora mstari wima wa sentimita 10, yaani kila sentimita ni kilo 100. Kutoka juu ya mstari huo, chora mwingine sambamba na mbao moja ya mteremko. Kutoka chini, chora sambamba na ile ya pili, mpaka ikutane. Mteremko ukiwa digrii 30, kila mbao ya mteremko inagandamizwa kwa kilo 1,000. Sasa pima kutoka katikati ya mstari wima hadi pale mistari ilipokutana: mbao ya chini inavutwa kwa kilo 866.

Shusha mteremko hadi digrii 15, mzigo ule ule. Mbao ya chini sasa inavutwa kwa kilo 1,866! Zaidi ya mara mbili.

Hapo ndipo naona shida na fasheni ya paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Mteremko unashushwa ili nyumba ipendeze kwenye picha, lakini mbao na misumari ni ile ile ya zamani.

AutoCAD ilitoka 1982, na leo hata simu ina programu ya kuchorea. Wengi wanaitumia kupamba picha ya nyumba tu. Kumbe chora ile mistari ya Culmann humo ndani, uipime, na jibu linatoka safi kuliko la penseli. Haimfukuzi mhandisi, kwa sababu upepo una hesabu zake. Lakini fundi akikwambia mteremko hauna maana, mchoree pembetatu mbili, mpe rula, apime mwenyewe.