Nyumba Imekwisha, Mthamini Anaangalia Nini?

Wengi wenu mnakaa mjini lakini mnajenga kwenu. Pale Nassa, mkoani Simiyu, mtu akiezeka bati na kupaka rangi, jirani humpa hongera kwamba kazi imekwisha. Mimi nasema bado, mpaka mthamini aione.

Historia yetu inanipa sababu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa na Waingereza na kuendelea kutumika baada ya Uhuru, kiwanja kitupu hakikuhesabiwa kuwa na thamani. Kilichothaminiwa ni maendelezo: nyumba, miti, mazao. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha, mpaka ulikuwa thamani ya shilingi 100,000. Makadirio yakizidi hapo, mwenye jengo alinyang'anywa. Yakipungua, alibaki nalo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 ndizo zilizokiri kwamba ardhi yenyewe ina thamani, na mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kusajili wathamini.

Sasa, kazi yake ya mwisho ni ipi? Benki ikimkopesha mjenzi, hutoa fedha kwa awamu. Mthamini alikwisha kadiria thamani kwa kusoma ramani. Nyumba ikikamilika anarudi, anapima, anahesabu vyumba, anatazama dari, milango, choo, maji na umeme. Anataka kujua kama kilichoahidiwa kwenye karatasi ndicho kilichosimama. Dari ikikosekana, anaandika, na fedha za mwisho zinasubiri.

Lakini tusimtwike mzigo usio wake. Yeye hapimi nondo zilizokwisha funikwa na zege. Hiyo ni kazi ya mhandisi na mkaguzi wa majengo, tena wakati ujenzi unaendelea. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30. Thamani kubwa haizuii jengo kuanguka.

Atakayesema hana mkopo akumbuke barabara. Ikipanuliwa, fidia hufuata kile mthamini alichokikuta na kukiandika. Basi tunza ramani, vibali na stakabadhi za saruji na bati, hata kama nyumba iko kijijini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.