Ngazi ya Herufi Saba

Msomaji, ikiwa umepata kusimama katika kwaya ya shule au ya kanisa, bila shaka waijua karatasi ile. Haina mistari mitano wala alama nyeusi zenye mikia. Ina herufi ndogo tu, d, r, m, f, s, l, t, zilizopangwa katika safu nne, na kati yake nukta mbilimbili na vistari. Mgeni akiiona huidhani ni hesabu iliyoharibika. Lakini mwalimu akiisha kutoa sauti ya kuanzia, kila safu hupata wenyewe: soprano juu, alto chini yake, tena ya tatu, na besi mwisho. Nataka nikueleze karatasi hiyo ilitoka wapi, kwa kuwa ndani ya historia yake imo historia ya furaha moja kubwa, yaani furaha ya watu ambao kuimba si kazi yao, nao jioni huweka chini jembe, chaki au nyundo, wakaenda kuimba pamoja bila kulipwa hata senti moja.

Furaha hiyo si sawa na ile ya mwimbaji wa peke yake. Mtazame mtu wa besi. Akijaribu sehemu yake nyumbani, watoto humcheka, maana ni sauti mbili tatu zipandazo na kushuka, kama mzee anayenung'unika kwa sababu chai imechelewa. Hakuna wimbo hapo. Naye mtu wa alto huenda akashika sauti moja karibu ubeti mzima. Lakini jioni moja ya mazoezi, labda wiki ya tatu au ya nne, baada ya kukosea na kukatizwa na kurudia, yaja dakika ambapo sauti zote nne zakaa mahali pake kwa mara ya kwanza. Hapo yule mtu wa besi asikia kitu ambacho si sauti yake wala si ya jirani yake, na hata hivyo ajua kwamba akinyamaza kitaanguka. Wako watu walioionja dakika hiyo wakiwa vijana, wasiweze kuiacha kwaya mpaka uzee.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wazee wetu waliingoja karatasi ndipo wakajua kuimba pamoja. Mmoja huanzisha, wengine huitikia: ndivyo walivyovuta majahazi ufukoni, walivyolima, walivyotwanga, na walivyocheza ngoma za harusi na za jando. Nyimbo hizo hazikuandikwa kwa kuwa haikuwapo haja. Aliyezaliwa kijijini alikua nazo. Haja ya kuandika hutokea pale ambapo watu wasiozaliwa pamoja wanataka kuimba wimbo mmoja. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi sana Uingereza katika karne ya 19, wakati maelfu walipoacha mashamba wakahamia miji ya viwanda na ya machimbo. Walitamani kuimba, lakini nota za mistari mitano zilikuwa elimu ya wenye nafasi, wale waliokuwa na piano nyumbani na fedha za kumlipa mwalimu.

Silabi zenyewe zina asili ya kale. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, aliwafundisha wanakwaya wake kwa silabi ut, re, mi, fa, sol, la. Lakini aliyezifanya kuwa ngazi ya watu wa kawaida alikuwa mwanamke, Sarah Glover, wa mji wa Norwich. Yeye alifundisha watoto, akaona kwamba mtoto hushindwa na mistari mitano si kwa sababu hana sikio, bali kwa sababu alama zile hubadilika maana kila mara. Basi akatumia herufi. Kila sauti ya ngazi ikapata silabi yenye herufi yake ya kwanza isiyofanana na nyingine, na do ikawa siku zote ndiyo nyumbani, hata kama mwalimu ameianza juu au chini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1835.

Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili uliofanyika Hull, kasisi kijana aitwaye John Curwen aliombwa atafute njia rahisi ya kufundisha kuimba. Jambo la ajabu ni kwamba Curwen mwenyewe hakuwa hodari wa kusoma nota. Alikuwa amejaribu na kushindwa. Nadhani hiyo ndiyo sababu alifaulu. Mtu aliyezaliwa na kipaji mara nyingi hawezi kumweleza mwingine pale panapomtatiza, maana yeye hapakumtatiza. Curwen alikishika kitabu cha Bibi Glover, akajifundisha kwacho, kisha akayabadilibadilisha mambo mengi, wala mwenyewe Bibi Glover hakuyapenda mabadiliko yote. Alitumia nukta mbili kutenga mapigo, na kistari kuonyesha kwamba sauti yaendelea. Baadaye akaongeza ishara za mkono, moja kwa kila sauti, hata darasa zima laweza kuimba kwa kuutazama mkono wa mwalimu tu.

Faida kubwa ilikuwa ya fedha. Kupiga chapa nota za mistari mitano kulitaka herufi maalumu na fundi maalumu. Herufi za solfa zilipatikana katika kila duka la mpiga chapa, na mwalimu asiye na kitu aliweza kuziandika kwa chaki ubaoni. Wimbo mkubwa wa Handel, ambao zamani ulikuwa mali ya makanisa makuu na majumba ya matajiri, ukaweza kununuliwa kwa senti chache na mchimbaji wa makaa ya mawe.

Nao wachimbaji waliununua. Huko Wales ya kusini, mtu aliyetoka shimoni jioni uso ukiwa mweusi kwa vumbi alioga, akala, akaenda kanisani kufanya mazoezi. Mwaka 1872 kwaya kutoka mabonde hayo, yenye waimbaji 450 hivi, ilikwenda London kushindania kikombe katika jumba la Crystal Palace. Kiongozi wao alikuwa Griffith Rhys Jones, ambaye watu walimwita Caradog, naye alikuwa mhunzi wa chuma. Mwaka huo hawakupata mshindani. Mwaka 1873 wakarudi, na mara hii kwaya ya London ikajitokeza kushindana nao. Wachimbaji wakashinda. Waliporudi nyumbani walipokewa kama jeshi lililotoka vitani, na Caradog akachongewa sanamu, ambayo ipo hata leo katika mji wa Aberdare. Kwangu mimi kikombe si kitu. La maana ni zile jioni za mazoezi zisizohesabika, za watu ambao mchana walifanya kazi gizani, kila mmoja na taa yake.

Karatasi ile ikapanda meli pamoja na wamisionari. Katika Afrika ya Kusini ilifika katikati ya karne hiyo hiyo, na shule za misheni zikaipokea kwa shangwe. Mwaka 1891 kwaya ya vijana Waafrika kutoka huko ilisafiri mpaka Uingereza, ikaimba mbele ya Malkia Victoria. Na hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, maana twafika kwa mtu ambaye sauti yake umeisikia, ingawa huenda jina lake hulijui.

Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Mji huo ulikuwa mchanga. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1886, na watu wa kila kabila walimiminika kufanya kazi machimboni, wakiziacha jamaa zao mbali. Sontonga aliongoza kwaya, na kwa kuwa vitabu vilikuwa haba, aliwatungia wanafunzi nyimbo mwenyewe, akiziandika kwa solfa. Mwaka 1897 alitunga sala fupi kwa Kixhosa, ubeti mmoja na kiitikio, kumwomba Mungu aibariki Afrika. Mwaka 1899 iliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja. Sontonga akafa mwaka 1905, kijana bado, bila kupata kuuona wimbo wake katika kitabu. Inasimuliwa kwamba viongozi wa kwaya walizoea kwenda kwa mjane wake kuazima nyimbo, na kwamba mwishowe aliiuza haki ya wimbo ule kwa peni 6, yaani nusu shilingi.

Sasa fikiri. Hapakuwa na redio. Wimbo wa mwalimu maskini ungewezaje kutembea? Ulitembea kwa kwaya. Ulikuwa umeandikwa kwa herufi zile zile ambazo kila mwalimu wa shule alizijua, kwa sauti nne ambazo kila kwaya ilikuwa nazo, na jioni moja ilitosha kuunakili kutoka ubaoni. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliuimba mahali pengi. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti 7. Katika miaka ya ubaguzi watu wa Afrika ya Kusini waliuimba mikutanoni na mazishini, kila mtu akiijua sehemu yake tangu utoto, hata umati wa watu wasiojuana ukaweza kugawanyika katika sauti nne papo hapo bila mwongozaji. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, lahani hiyo ikawa ya wimbo wake wa taifa, Mungu Ibariki Afrika, na mwaka 1964 Zambia nayo ikaichukua kwa maneno mengine.

Sitaki nikudanganye kwamba ngazi hii haina kasoro. Ilikuja na lahani za Ulaya, na lahani hizo hazikuyajali maneno yetu. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini fungua kitabu cha zamani cha tenzi, uimbe, nawe utajikuta unalitamka neno kwa namna ambayo nyanya yako asingelijua. Katika Kixhosa au Kikuyu, ambako kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, hasara ni kubwa zaidi. Tena karatasi ile hailijui pigo la ngoma. Ukitaka kuandika kwa nukta na vistari jinsi mkono wa mpiga ngoma unavyochelewa kidogo kwa makusudi, utachoka kabla ya kumaliza mstari mmoja. Wamisionari wengi, walipoona kwamba ngoma haiandikiki, waliamua kwamba haifai. Hilo lilikuwa kosa, na makwaya yetu yalichukua muda mrefu kulirekebisha.

Sisi wa Kenya tuna mfano wa marekebisho hayo. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, watu watano walipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuchukua lahani ya Ulaya. Walichukua wimbo ambao mama wa Kipokomo, kando ya Mto Tana, humwimbia mtoto ili alale, waliouimbiwa na Mzee Meza Galana. Wimbo wa mtu mmoja na mtoto mgongoni ukapangiwa sauti nyingi. Siku utakapouimba katika kwaya, usikimbilie sehemu ya juu ambayo kila mtu aijua. Omba uwekwe katika tena au alto, ujifunze sehemu yako kwa taabu, kisha usikilize jinsi wimbo ulioufahamu tangu darasa la kwanza unavyogeuka kuwa mpya masikioni mwako.

Nirudi kwa Sontonga. Kwa miaka mingi kaburi lake halikujulikana lilipo. Ilijulikana tu kwamba amezikwa Johannesburg, lakini waliolitafuta katika daftari za makaburi ya Braamfontein hawakuliona jina lake. Mwishowe ikagunduliwa kwamba walilitafuta chini ya jina Sontonga, na kumbe karani alikuwa amemwandika chini ya Enoch. Tarehe 24 Septemba 1996 kaburi lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Rais Nelson Mandela akazindua mnara hapo. Miaka 91 ilikuwa imepita tangu azikwe. Katika miaka hiyo yote, wakati hakuna aliyejua alipolala, jioni hazikukosa watu waliotoka kazini wakasimama safu nne, mmoja akawatolea sauti ya kuanzia, nao wakauimba wimbo wake.