Msasa ni Jani: Historia Fupi ya Kunoa Bila Noo

Mwaka 1987, nikiwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya mwambao, nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha pili. Mada ilikuwa "Kazi ya Mzazi Wangu". Binti yule aliandika kwamba baba yake alikuwa mchonga milango na masanduku, kwamba alikuwa na bobari kumi na moja, na kwamba kazi ilipokaribia kwisha aliisugua kwa jani la msasa hadi ikawa laini kama shavu la mtoto. Nilipiga mstari mwekundu mahali pawili. Kando ya "bobari" niliandika: "Neno gani hili? Sema patasi." Kando ya "jani la msasa" niliandika: "Msasa ni karatasi, si jani." Nikakata alama mbili.

Makala haya, ndugu wasomaji, ni masahihisho ya masahihisho yale. Nimechelewa karibu miaka arubaini, lakini wahenga walisema heri kuchelewa kuliko kukosa.

Nianze na bobari. Patasi ina mdomo ulionyooka. Hukata shimo lenye pembe na kusawazisha kitako cha mti. Bobari ina mdomo uliopinda kama kucha ya kidole, na kwa mpindo huo hukomba ubao ikaacha mfereji wa mviringo. Tazama mlango wowote wa nakshi wa Unguja, Lamu au Bagamoyo: yale mayungiyungi, mikufu na magamba ya samaki hayawezi kuchongwa kwa patasi peke yake. Kumwambia mtoto wa mchongaji aite bobari "patasi" ni sawa na kumwambia mtoto wa mvuvi aite jarife "wavu", basi. Si uongo, lakini ni umaskini.

Karakana ya seremala wa pwani ni kamusi ya historia yetu. Nakshi ni neno la Kiarabu. Randa na cherehe, lile gurudumu la kunolea, yametufikia kutoka Uajemi na Bara Hindi, na patasi ina ndugu zake katika lugha za magharibi ya Bara Hindi hadi leo. Haishangazi. Katika karne ya 19, Seyyid Said alipouhamishia Unguja mji wake mkuu kutoka Muscat, bandari ilijaa wafanyabiashara na mafundi wa Kihindi. Milango ya zamani yenye vizingiti vya juu vilivyonyooka ilianza kupata wenzao wenye matao juu, na zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mtindo huo ukastawi. Vifaa na majina vilisafiri pamoja na mikono iliyovitumia.

Lakini kitenzi chenyewe hakikuvuka bahari. Kunoa ni Kibantu, na watoto wake ni wa nyumbani: noo ni jiwe kubwa la kunolea, kinoo ni dogo la kushikwa mkononi. Chuma kilifuliwa na kunolewa barani kabla ya jahazi lolote kuleta patasi, na ndiyo maana tuliazima majina ya vifaa bila kuazima jina la kuvitia makali.

Sasa twende kwenye msasa. Kamusi zetu hulipa neno hili maana mbili: mti, na karatasi yenye chenga ya kusugulia mbao. Nilikuwa nimeisoma ile ya pili tu. Mti wenyewe ni wa jamii ya mkuyu, na wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata. Majani yake yana vinyweleo vigumu vyenye silika, madini yaleyale yaliyomo katika mchanga. Pitisha kidole juu ya jani lake nawe utadhani umeshika ulimi wa paka. Katika sehemu nyingi za Afrika, watu wamelitumia jani hilo kulainishia mbao na vibuyu. Mti mwingine mwenye majani ya kukwaruza, Cordia monoica, nao huitwa msasa katika baadhi ya maeneo. Yaani watu wa kale hawakutazama ukoo wa mti. Walitazama kazi ya jani.

Karatasi ilikuja baadaye. Nchini Marekani, mwaka 1834, Isaac Fisher wa Springfield katika jimbo la Vermont alipewa hataza za njia za kutengeneza karatasi iliyobandikwa chenga kwa gundi. Mwaka 1891, Edward Acheson alikuwa akipitisha umeme katika mchanganyiko wa udongo na makaa, akitafuta almasi. Almasi hakuipata. Alipata vipande vyeusi vinavyometameta, ambavyo leo tunaviita silikoni kabaidi, vigumu kuliko feleji yoyote. Mwaka 1921 kampuni ya 3M ikaanza kuuza karatasi ya chenga hizo isiyoharibika kwa maji, nayo ikapendwa mno na watengenezaji wa magari, kwa kuwa maji yalituliza vumbi la rangi.

Karatasi hiyo ilipofika kwetu, seremala wa Kiswahili hakwenda kuazima jina. Aliipapasa, akakumbuka jani, akaiita msasa. Jina likahama kutoka mtini hadi dukani, na baada ya vizazi kadhaa mwalimu mwenye kalamu nyekundu akaamini kwamba duka ndilo chimbuko.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ili nisifanye kosa jingine nikijaribu kufuta la kwanza. Jani la msasa hulainisha mti, halinoi feleji. Silika ya jani haiushindi ugumu wa chuma kilichopikwa vizuri. Binti yule hakuandika kwamba baba yake alinoa kwa jani. Aliandika kwamba alisugulia. Alikuwa sahihi kwa kila neno. Ni karatasi ndiyo iliyokuja kufanya kazi zote mbili, kwa kuwa chenga zake za siku hizi ni ngumu kuliko chuma chenyewe. Na nimeyajua haya kwa njia ya aibu.

Marehemu baba yangu aliniachia gunia lenye bobari saba na kinoo kimoja, kilicholika katikati mpaka kikawa kama kijiko. Kwa miaka mingi gunia lilikaa chini ya kitanda. Nilipostaafu, nikaamua kujifunza kuchonga walau ubao wa jina la nyumba. Siku ya kwanza kinoo kiliniponyoka kikavunjika vipande viwili. Sisi tunaoishi juu ya matumbawe hatuwezi kuinama njiani tukaokota kingine. Jiwe la matumbawe ni chokaa tupu, chuma hulila lenyewe. Nikaona nisipoteze muda. Nikaichukua bobari pana kuliko zote, ile ambayo mpini wake ulikuwa bado na weusi wa kiganja cha baba, nikaipeleka kwenye cherehe ya umeme ya jirani. Cheche ziliruka, nikafurahi. Nilipoitoa, ncha yake ilikuwa ya buluu.

Fundi yeyote anajua maana ya rangi hiyo. Chuma kikipata joto hupita katika rangi ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu. Kufikia hapo kimekaribia nyuzi 300 za Selisiasi na kimepoteza sehemu ya ugumu wake. Makali yatakaa dakika chache tu, kisha yatajikunja. Bobari iliyovumilia mikono ya baba kwa miaka 30 niliipumbaza kwa nusu dakika.

Aliyeniokoa ni kijana mpaka rangi wa magari wa mtaani kwetu. Alinisikia nikilalamika, akasema, "Mzee wangu, mbona sisi tunao msasa wa maji? Huu unakula mpaka chuma." Akanipa vipande vitatu. Tangu siku hiyo sijanunua jiwe. Nitaeleza njia hiyo, kwa maana najua miongoni mwenu wapo wenye bobari za wazee wao zinazolala chini ya vitanda.

Kwanza, elekeza ncha ya bobari kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba unaomeremeta ukingoni, hapo ni butu. Makali halisi hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Pili, lowesha msasa wa maji, uutandaze juu ya kipande cha kioo kinene. Anza na namba 400 ikiwa ncha imepigwa pengo. Ikiwa imechoka tu, anza na 800. Laza mteremko wa nje wa bobari juu ya karatasi hadi ulale sawasawa, usiinue kisigino wala ncha. Kisha uvute kuelekea kwako, huku ukibingirisha kiwiko cha mkono taratibu ili mpindo wote uguse karatasi, kutoka pembe hadi pembe. Usiusukume mbele: makali yatachana karatasi. Baadaye hamia 1000, kisha 2000.

Tatu, papasa upande wa ndani kwa ncha ya kidole, ukitoka ndani kwenda nje. Ukihisi ukingo mwembamba uliojikunja, jua kwamba pande mbili zimekutana. Usipouhisi, rudi nyuma, hujamaliza. Nne, tafuta kijiti cha mviringo kinachoingia ndani ya mfereji wa bobari, ukizungushie msasa wa 2000, usugue kwa wepesi upande wa ndani, kijiti kikiwa kimelala, hadi ule ukingo ukatike. Tano, chukua mshipi wa zamani wa ngozi, uubandike juu ya ubao, upake dawa ya kung'arishia chuma, uvute bobari juu yake mara ishirini au thelathini, kama kinyozi wa zamani na wembe wake. Ijaribu kwenye ubao laini, ukikata kukingama na nyuzi za mti. Ikiacha mfereji unaong'aa, imekubali.

Na asiye na msasa? Ageuze kikombe cha kauri. Ule mduara wa kitako usiopakwa rangi ya kung'aa ni mgumu kuliko chuma, na humfaa mtu aliyekwama. Lakini kwa bobari unahitaji subira, kwa maana mduara ni mwembamba na mkono hutetemeka.

Nanyi washairi mtaona kwamba lugha yetu imekwisha kuyahifadhi haya yote. Tunasema hoja butu, makali ya ulimi, kunoa bongo. Timu hunolewa na kocha. Kijana anayeanza kuandika tunampiga msasa. Mtaani, aliyekosea jibu huambiwa, "Umenoa!" Sijui kama mimi mwenyewe sikustahili kuambiwa hivyo na darasa zima mwaka ule. Misemo hii ilitoka katika mikono ya watu waliokaa chini kivulini na chuma magotini. Tukiisahau mikono, misemo itabaki kama kitasa kisicho na ufunguo: tutaimiliki, lakini haitatufungulia kitu.

Kuna somo jingine, nalo ni chungu kwa mwalimu. Nilidhani kusahihisha ni kunoa. Kumbe kunoa kuna namna mbili. Ipo ile ya cherehe: haraka, cheche nyingi, kelele, na mwishowe ncha ya buluu. Ipo ile ya msasa wa maji: polepole, kwa kuvuta badala ya kusukuma, ukisimama kila mara kupapasa ulipofika. Binti yule alikuja na neno lenye makali kutoka kwa baba yake. Ningemuuliza swali moja tu, "Bobari ni nini, mwanangu?", darasa zima lingejifunza. Badala yake nililitia joto la wino hadi likapoteza ugumu. Katika insha zake zilizofuata aliandika "patasi" na "karatasi ya msasa". Nilimpa alama nzuri.

Bobari ya baba nimeifufua kwa kiasi. Sehemu iliyoungua nimeisugua kwa msasa kwa siku kadhaa, hadi nilipoifikia feleji ambayo moto haukuigusa. Imekuwa fupi kwa upana wa ukucha, lakini inakata. Maneno nayo, naamini, huweza kufufuliwa vivyo hivyo, kwa kusugua hadi kuufikia ugumu uliobaki. Kwa hiyo ninaomba: kila mwenye mzazi au babu fundi, aandike majina ya vifaa vyake kabla mwenyewe hajaondoka, pamoja na kazi ya kila kimoja. Na aliyeandika asikubali kufutwa kirahisi na kalamu nyekundu.

Kwa kuwa huu ni ukumbi wa washairi, sikuona vyema kuondoka bila ubeti:

Msasa ni jani kwanza, karatasi kaja nyuma,
Yule aliyenifunza, nilimkata alama,
Haraka imeniponza, wino mwekundu wa hima,
Deni hilo nalitunza, moyoni linaniuma.

Sijui mwanafunzi wangu yuko wapi leo. Pengine ni bibi mwenye wajukuu. Ikiwa maneno haya yatamfikia, ajue kwamba katika daftari langu la moyoni nimefuta mistari ile miwili. Bobari ni bobari. Msasa ni jani. Alama zako mbili, mwanangu, ni zako.