Nguvu Iliyosalia katika Mabomba ya Chuma Yaliyodhurika

Nguvu iliyosalia ni kadiri ya mzigo ambao nguzo, jukwaa au njia ya gesi iliyoundwa kwa mabomba ya chuma yaweza bado kuuhimili baada ya kubonyea, kupinda, kuliwa na kutu au kuingia ufa. Kwa mfano, huko Tegeta, kaskazini ya Dar es Salaam, juu ya ardhi zipo nguzo zibebazo matangi ya maji majumbani na majukwaa ya waashi, yote yakipigwa na upepo wa chumvi utokao pwani ya Kunduchi. Na ardhini limezikwa bomba la inchi 8 ambalo tangu 2004 hupeleka gesi ya Songo Songo katika kiwanda cha saruji cha Wazo Hill.

Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1744 kwamba nguzo nyembamba hupinda kabla chuma chake hakijapondeka, na ya kuwa urefu ukizidi mara mbili uwezo hushuka hata robo. Bomba la jukwaa lenye kipenyo cha milimita 48.3 na unene wa milimita 4, kutu ikilila milimita 1 tu kwa nje, hupoteza zaidi ya robo ya chuma chake na takriban asilimia 30 ya ukakamavu wake, ilhali likishapakwa rangi ya fedha laonekana zima kabisa. Ndiyo sababu mkaguzi mwenye insafu haanzi kwa hesabu bali kwa brashi ya waya: hukwangua hata chuma king'ae, akavuta uzi toka ncha hata ncha kuujua mpindo, kisha akapima unene kwa chombo cha mawimbi ya sauti, hususan pale nguzo iingiapo katika zege, maji yatuamapo.

Bomba la gesi lina hukumu nyingine, kwa kuwa mzigo wake hutoka ndani. Kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, huvumilia kutu isiyozidi asilimia 10 ya unene na hukataa ipitayo 80. Katikati hupimwa kina pamoja na urefu wa kovu. Mbonyeo wa asilimia 6 ya kipenyo huweza kuachwa, lakini wenye mkwaruzo ndani yake ni hatari ujapokuwa mdogo.

Ufa ndio mbaya kuliko yote. Jukwaa la mafuta la Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini tarehe 27 Machi 1980, watu 123 wakafa, kwa ufa ulioanzia katika mchomeleo mdogo wa bomba moja. Basi kiraka kilichochomelewa ovyo si tiba. Nguzo yenye ufa chini ya tangi la lita 5,000, yaani tani 5 za maji, haihitaji hesabu: tangi limwagwe, na bomba libadilishwe.