Jiaozi za Mkesha wa Mwaka Mpya
Katika makaburi ya Astana, karibu na Turpan, magharibi mwa China, zilifukuliwa jiaozi (vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama au mboga) zilizokauka za enzi ya Tang (618–907), na umbo lake ni lilelile la leo. Wachina husimulia kwamba mwanzilishi wake ni tabibu Zhang Zhongjing wa enzi ya Han. Hiyo ni ngano ya kusimuliwa, si ya kusagwa. Ngano ya kusagwa imejaa kaskazini, na huko familia hukesha Mwaka Mpya zikitengeneza jiaozi: watu wazima husukuma madonge, watoto hujaza nyama na kabichi, kisha hufinya kingo. Za watoto aghalabu hupasuka. Moja hutiwa sarafu ya bahati. Nyingi huchemshwa, nyingine hupikwa kwa mvuke katika vikapu vya mianzi.